Koti Nililomvisha Dada

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa mbili asubuhi, na saa mbili na dakika tano masjala yetu ilikuwa inavuja. Ndoo tatu: moja chini ya rafu za mwanzo, moja mlangoni, na moja juu ya meza yangu mimi. Miaka kumi na tisa nimekaa humu na hili paa halijanisahau hata msimu mmoja.

Daftari hili tumegawiwa na mwanamke aliyeletwa kutufundisha mfumo mpya, kila karani na lake, ati tuandike matatizo tutakayokutana nayo. Hajafika hata miaka thelathini na mitano, na amekuja na viatu vyeupe siku ya mvua. Nimemwita Bi Mfumo, na kabla ya chakula cha mchana jina lilikuwa limeshashika mpaka jikoni. Anasema mvua hizi zikiisha, mafaili yote ya hospitali yawe yamo kwenye kompyuta. Halafu si sisi tu tutakaoyaona. Kliniki nyingine zitaona, watu wa bima wataona, na mgonjwa mwenyewe ataona kwenye simu yake.

"Mgonjwa alione faili lake?" nikamwuliza. "Ili iweje?"

"Si ni lake?" akasema.

Nilicheka, na wenzangu wakacheka. Faili ni la masjala, mgonjwa ni jina tu juu ya jalada. Haya, tatizo la kwanza: mwalimu. Nimeliandika hapa kwa sababu hajasema daftari hili tumwonyeshe mtu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mafaili ishirini na mawili. Mgongo.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Kaja mama mmoja wa kampuni ya bima, mrefu, na mkoba uliojaa karatasi. Madaktari wakamwambia bima wanakataa vipimo vya maana. Yeye akawaambia mwandiko wa hospitali hii hausomeki, kwa hiyo wanakataa wasichokielewa. Mkuu wa masjala, ambaye hata nyumba ikiungua atasema tusubiri kidogo, akasema tusubiri kidogo. Saa mbili nzima walirushiana mpira, na mgonjwa anayezungumziwa yuko nje kwenye benchi anangoja kuitwa.

Mimi nilikaa kimya kwa sababu ninajua jinsi mambo yanavyokwenda kweli. Sisi tuna makoti.

Nitayaeleza hapa. Bima wana orodha yao: kipimo hiki kwa ugonjwa huu, kipimo kile kwa ugonjwa ule. Ukija na maumivu ambayo hayamo kwenye orodha, unarudi nayo nyumbani. Mzee Mihuri, aliyenifundisha kazi hii kabla hajastaafu, hakuweza kuvumilia kuona mtu akirudishwa. Tuliompa jina hilo ni sisi, kwa kuwa mihuri yote ya hospitali alikuwa akiifungia kwenye kabati lake. Basi yeye alikuwa akichukua fomu, anatazama orodha, halafu anamwandikia mgonjwa ugonjwa unaofungua mlango. Daktari hutia saini rundo zima bila kusoma, amechoka, maskini. "Nje kuna baridi," Mzee Mihuri alikuwa akisema. "Mvishe koti aingie." Kipimo kinafanyika, faili linarudi kwenye rafu, na koti linabaki humo ndani halimdhuru mtu. Mgonjwa mwenyewe hatumwambii. Ya nini kumtia mtu hofu ya ugonjwa asiokuwa nao?

Nimevisha watu makoti mengi, na sikuwahi kuona haya hata siku moja. Niliona ni wema. Wema hauozi.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Mfumo kaja na mabuti. Anajifunza.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefika kwenye faili la dada yangu.

Dada anaendesha basi la shule, mwaka wa thelathini na sita sasa. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano, na yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa usukani ule ule. Tunaishi nyumba moja mpaka leo, wajane wawili, tunagombana juu ya redio. Miaka sita iliyopita alipata maumivu ya kichwa, ya kumfunga macho kabisa. Daktari akataka picha ya kichwa. Bima kwenye orodha yao hawana maumivu ya kichwa. Wana kifafa.

Nikaandika kifafa. Herufi sita, kalamu ya bluu. Sikumwambia Dada, sikumwambia mtu.

Picha ikatoka safi. Daktari akaandika kwa mkono wake, karatasi ninayo hapa: "Kichwa hakina tatizo. Hana dalili zozote za kifafa. Apelekwe kwa daktari wa macho." Kumbe ni miwani tu! Siku aliyoivaa Dada aliniambia hakujua kama nimezeeka kiasi hiki.

Nililishika faili muda mrefu. Nikiliingiza kwenye kompyuta, na kifafa kinaingia. Nikiruka ukurasa mmoja, Bi Mfumo anahesabu kurasa. Basi nimelitia kwenye droo yangu, chini ya kandambili. Lisipokuwa kwenye mfumo, halipo.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kutwa. Ndoo ya nne.

Jumanne, 18 Machi

Mafaili thelathini na moja. Mkuu kasema tusubiri kidogo, hatujui alikuwa anazungumzia nini.

Alhamisi, 20 Machi

Leo sikuandika tatizo, nimeandika jambo jingine.

Wameleta fundi wa kuchomelea vyuma, kaanguka kazini, hajitambui, hakuja na ndugu. Namba yake ya bima ilikuwa mfukoni. Bi Mfumo alikimbia mapokezi na kompyuta yake kifuani, akaifungua, na hapo hapo ikaonekana: kliniki ya upande wa pili wa mji iliandika mwaka jana kwamba sindano fulani inamvimbisha koo. Muuguzi alikuwa ameshaivuta sindano hiyo hiyo. Aliirudisha kwenye sinia.

Jioni fundi alikuwa amekaa kitandani anadai chai. Bi Mfumo alikuja masjala akaketi kwenye kiti cha wageni, na machozi yakamtoka, akasema samahani. Nikampa kikombe changu. Sikujua kama ana machozi. Nilidhani ni mtu wa nyaya tu.

Ila njiani, mwavuli umepinduka na mimi nimelowa chapachapa, nikawaza: yale maneno juu ya sindano yangekuwa koti je? Angekuwa mtu tu alimwandikia kwa wema wake, ili apate dawa nyingine? Fundi angenyimwa sindano anayoihitaji. Au kinyume chake. Nikajiambia acha mawazo ya mvua.

Jumatano, 26 Machi

Bima nao wameanza kuingiza kumbukumbu zao kwenye mfumo. Mafaili kumi na tisa.

Jumatano, 2 Aprili

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka sita, lakini nimefika.

Leseni ya Dada inaisha tarehe 30 mwezi huu, na bila cheti cha daktari hawamwongezei. Leo alikwenda kwenye kliniki inayopima madereva. Anakwenda kila baada ya miaka mitatu, wanampima macho, presha na magoti, wanataniana, anarudi. Leo alirudi saa kumi, akaweka funguo mezani, hakuvua hata koti la mvua.

"Mdogo wangu," akasema, "eti mimi nina kifafa."

Nilikuwa nakata vitunguu. Namshukuru Mungu kwa vitunguu.

"Nani kasema?"

"Kompyuta. Daktari kaifungua, kanitazama, akafunga mlango. Kaniuliza huwa naanguka mara ngapi. Nikamwambia naanguka wapi, mimi? Akageuza ile skrini akanionyesha. Jina langu, namba yangu, kifafa. Miaka sita! Anasema mtu mwenye kifafa hawezi kupewa basi la watoto arobaini, na mimi mwenyewe ningekuwa yeye nisingempa. Nikamwambia kosa hilo. Akasema basi lete ushahidi kutoka hospitali iliyokutibu."

"Ushahidi gani?"

"Aliyeandika afute. Au daktari aliyenipima wakati ule aonyeshe alichoandika. Hospitali yenyewe si yenu?"

Sikuwa nimeliingiza lile faili. Liko droo. Nilisimama pale na kisu mkononi nikijiuliza kifafa kilipitia wapi, halafu nikajua. Fomu ilikuwa na nakala. Nakala ilikwenda bima miaka sita iliyopita, ikakaa kwao imetulia, na wiki iliyopita wameimwaga yote kwenye mfumo. Mimi niliziba mlango wa mbele na wa nyuma uko wazi.

Na ile karatasi ya daktari, inayosema hana dalili zozote? Bima hawakupelekewa. Fomu ilikwenda kabla majibu hayajatoka. Iko mahali pamoja tu duniani, nayo ni chini ya kandambili zangu.

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, Dada ananitazama, anaamini mimi ndiye mtu wake wa hospitali. Nikafungua mdomo nikasikia unasema: "Labda wamechanganya majina. Mambo ya kompyuta hayo."

"Nilijua!" Dada akasema. "Nilijua tu ni kompyuta."

Akaenda kubadilisha nguo. Nimejidharau leo kuliko siku yoyote.

Ijumaa, 4 Aprili

Dada alikuja kwenye dirisha letu. Hakuja kama dada yangu, alipanga foleni, amevaa sare ya kazi, namba ya faili kaiandika kwenye kiganja. Mkuu ndiye aliyemhudumia. Alitafuta rafuni, akatafuta kwenye yaliyokwisha kuingizwa, akatafuta kwenye yanayosubiri. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo na goti langu linagusa droo.

"Mama, faili halionekani," Mkuu akasema. "Tusubiri kidogo."

"Tusubiri mpaka lini? Leseni yangu inaisha tarehe thelathini."

"Mafaili mengi yanahamishwa, mama. Labda limepotea."

Dada akanitazama kwa juu ya bega la Mkuu. Hakutaka kuniaibisha mbele ya bosi wangu. Alinikonyeza, yaani ananifariji mimi! Kisha akafungua mwavuli akatoka.

Sikula mchana.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempigia simu Mzee Mihuri. Alifurahi kunisikia, akauliza paa, nikamwambia linavuja vile vile. Nikamweleza. 

"Lichome," akasema. "Bila karatasi hawajui ni mwandiko wa nani. Wakilaumu, walaumu bima."

"Na Dada je?"

"Atapimwa upya."

"Foleni ya picha ya kichwa ni miezi mitatu, Mzee. Leseni ina wiki tatu na ushei."

"Basi dada yako atapumzika kidogo," akasema. "Umri wenyewe umekwenda."

Mtu huyu nilimpenda kama baba. Nilimuaga kwa heshima, nikakaa na simu mapajani. Kumbe koti linavaliwa na mwingine, na baridi ikija yeye ndiye anayeambiwa apumzike.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Dada kaendesha. Mimi nimekaa na droo.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilirudi saa kumi na moja jioni nikakuta basi la shule halipo nje. Kwa kawaida hulala kwetu. Dada yuko jikoni, ameketi. Anamimina chai ameketi. Dada hajawahi kumimina chai ameketi tangu nizaliwe, anasema chai ya kukaa ni ya wagonjwa.

"Basi liko wapi?"

"Nimempa dereva wa zamu leo. Na kesho."

"Kwa nini?"

Akazungusha kikombe. "Nataka nikuulize kitu, na unijibu kweli. Umewahi kuniona nikianguka? Hata usingizini. Nikitetemeka, nikitoa povu. Labda uliona hukutaka kunitisha."

"Dada..."

"Kwa sababu nimekuwa nikijiangalia. Juzi kwenye taa za barabarani nilikaa hata taa ikageuka kijani, gari la nyuma likanipigia honi. Nilikuwa nawaza tu, au niliondoka? Jana mkono ulikufa ganzi. Nimesoma kwenye simu, inasema kuna kifafa cha namna hiyo, mtu anapotea kidogo tu, hata mwenyewe hajui. Madaktari wameandika, bima wameandika, mimi ni nani wa kubisha? Watoto arobaini, mdogo wangu. Mdogo kuliko wote anakaa nyuma yangu, ananiimbia. Kama ni kweli je?"

Hapo nikavunjika. Alichokuwa akikiogopa ni mimi. Ni herufi zangu sita ndizo zilizomketisha kwenye kile kiti. Nilipiga magoti, mimi mtu mzima, sakafuni, nikamwambia yote: fomu, orodha ya bima, kalamu ya bluu, karatasi ya daktari, droo, kandambili. Nilimwambia kwamba Ijumaa ile alipopanga foleni faili lilikuwa gotini kwangu. Nililia mpaka kwikwi.

 Nilipomaliza akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Nani alikupa ruhusa ya kunigawia ugonjwa?"

"Nilitaka upate kipimo, Dada. Ulikuwa unaumwa, nilikuwa nakuona."

"Sikuulizi ulitaka nini. Nauliza nani alikupa ruhusa."

 Akainuka, akamwaga chai yake kwenye sinki, akasimama mlangoni ananipa mgongo.

"Nimeacha basi langu leo," akasema. "Nimewaaga watoto kana kwamba ninakwenda kufa. Kesho faili hilo lisilale kwenye droo."

Akaingia chumbani kwake. Mlango hakuubamiza, na nilitamani angeubamiza.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilifika kabla ya wote. Nikalitoa faili, nikalipangusa, nikaliweka mbele ya Mkuu, na nikamwita Bi Mfumo awepo. Nikasema.

Mkuu alifunga mlango. Mara ya kwanza nimemwona akifanya jambo haraka. "Sikiliza, Mama," akaniambia. "Karatasi ya daktari ipo, tunaiingiza, kifafa kinafutwa, dada yako anaendesha basi. Kwenye sababu ya marekebisho weka kosa la uandishi. Lipo pale juu kabisa, bonyeza tu. Watu tumebakiza miaka miwili kustaafu hapa."

Ni kweli lipo juu kabisa. Mfumo unakupa sababu tatu: kosa la uandishi, mgonjwa siye, nyingine. Ukichagua nyingine linafunguka boksi tupu, unaandika mwenyewe, na jina lako linabaki hapo, halifutiki. Na yeyote mwenye haki ya kuona kumbukumbu hiyo ataliona.

Nilimtazama Bi Mfumo anishauri. Alikuwa anatazama ndoo inavyojaa. Amejifunza kazi yetu huyu, amejua kuna mambo hayashauriwi.

Nilichagua nyingine. Niliandika mistari miwili, nikabonyeza kabla sijajisoma.

"Umetuvua nguo," Mkuu akasema.

"Ninavua makoti," nikasema, na sikuwa najifanya shujaa.

Bi Mfumo akaniuliza swali moja tu: "Yako mangapi mengine?"

Ijumaa, 11 Aprili

Dada kapika. Hajaniambia neno.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekumbuka hamsini na nane. Nimewaandika wote, jina, ugonjwa niliowavisha, kipimo walichopata. Mmoja ni mama aliyekuja mwezi uliopita kunishukuru kwa kupata kipimo, kaniletea kitambaa. Nilimwandikia moyo mbovu. Huenda sasa hivi yuko mahali ananyimwa dawa kwa sababu ya moyo usio na kasoro.

Jumatatu, 14 Aprili

Redio nimemwachia Dada. Hajaiwasha.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua haina huruma. Dada kasema "Chumvi." Nikampa chumvi. Si neno la kuhesabu, lakini nimelihesabu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeitwa mbele ya kamati. Daktari mkuu, mwanasheria, Mkuu wa masjala aliyekaa kama anaumwa jino, na yule mama mrefu wa bima na mkoba wake. Nilivaa gauni la msibani, sikuwa na jingine linalofaa.

Niliulizwa maswali, nikajibu. Mwanasheria akasema ni udanganyifu. Nikasema ndiyo. Akasema hospitali ingeweza kushtakiwa. Nikasema ndiyo. Hakutarajia ndiyo ya pili, akapanga karatasi zake upya.

Kisha mama wa bima akaomba kusema, nami nikafunga macho.

"Mimi nilikuwa kwenye timu iliyoandika ile orodha," akasema. "Kila mwaka tunakaa tunatazama takwimu: je, wenye maumivu ya kichwa wananyimwa picha? Takwimu zinasema hakuna malalamiko, na wenye kifafa wanaongezeka. Tukasema orodha ni nzuri, iendelee. Tukaongeza hata fungu la kifafa." Akanigeukia. "Mama, mlituficha vizuri mno. Kila mliyempitisha kwa mlango wa nyuma, alikuwa ni mtu mmoja zaidi wa kutuhakikishia kwamba mlango wa mbele hauna shida."

Hili sikuwahi kuliwaza. Miaka kumi na tisa nilijiona nawapigania wagonjwa dhidi ya bima, na kumbe nilikuwa ndiyo nguzo ya ile orodha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Sisi tulitundika pazia juu ya ufa, tukalipiga pasi na kulipiga pasi.

Uamuzi: barua ya onyo kali. Hao hamsini na nane wote wapigiwe simu na waelezwe, na simu nipige mimi, Bi Mfumo akiwa pembeni. Masjala nimetolewa. Nitakaa dirisha namba saba, linalofunguliwa mwezi ujao, ambako wagonjwa watakuja kusomewa kumbukumbu zao wenyewe, wasiokuwa na simu na wasioelewa maneno ya daktari. Mtu aliyewaficha watu mafaili yao amepewa kazi ya kuwasomea kwa sauti. Daktari mkuu alicheka kidogo aliposema hivyo, nami ningecheka kama ningeweza.

Ijumaa, 25 Aprili

Simu kumi na mbili. Wanne wamenitukana, watano hawakuelewa mpaka nilipoeleza mara mbili, wawili wamecheka. Mmoja akasema, "Kwa hiyo sina?" Miaka minne alikuwa anasikia daktari akitaja ini lake na anaogopa kuuliza. Nilimwambia huna. Alisema asante, asante, kana kwamba nimemponya.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa saba mchana nilikuwa masjala nakusanya vitu vyangu. Nikasikia honi nje. Mara tatu, ndefu. Watu wote masjala wakakimbilia dirishani.

Basi la shule limesimama getini katikati ya mvua, taa zinawaka, watoto wamebandika nyuso kwenye vioo. Dada yuko kwenye usukani na miwani yake. Ameinua karatasi, kaibana kwenye kioo cha mbele: cheti. Siku mbili kabla ya tarehe.

Hakunipungia. Alikuwa akiwaonyesha hospitali, si mimi. Kisha akaondoka polepole, akikwepa madimbwi. Nilikaa chini nikalia kilio cha kushukuru, na Mkuu, masikini Mkuu, akaniletea maji, akasema, "Tusubiri kidogo, Mama. Atarudi tu."

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imepungua. Ndoo mbili. Dada kawasha redio, kwa sauti ya juu, stesheni nisiyoipenda. Nimeinyamazia kwa furaha.

Alhamisi, 8 Mei

Simu ya hamsini na nane leo. Bi Mfumo ameondoka kwenda hospitali nyingine. Nimemwambia huko nako kuna makoti, labda wanayaita jina jingine. Akaniachia mabuti yake.

Jumatatu, 12 Mei

Jua. Leo ndiyo siku yangu ya kwanza dirisha namba saba. Kiti kipya, skrini mbili, moja inatazama kwangu, moja inatazama kwa mgonjwa. Tunaona kitu kile kile kwa wakati mmoja.

Nimewahudumia watu saba asubuhi. Mzee mmoja alitaka nimsomee yote tangu mwanzo, hata chanjo za utotoni, akawa anatikisa kichwa kama anayesikiliza habari za rafiki wa zamani.

Wa nane nilimsikia kabla sijamwona. Sauti ile naijua tangu nikiwa mgongoni.

"Namba yangu hii," akasema, akaiweka kwenye kaunta. "Nataka kusomewa."

"Dada," nikasema.

"Mimi ni mgonjwa. Nisomee."

Nikafungua.  Nikamsomea presha, magoti, macho, miwani. Nikafika kwenye mstari wenyewe, nikasoma: "Kifafa. Kimefutwa." Nikasogeza ukurasa.

"Rudi," akasema. "Hapo kuna maandishi madogo."

"Ni sababu tu, Dada. Ni mambo ya ofisi."

"Ni faili la nani?"

Nikarudi. Sikuweza kusoma. Nikawa natazama kaunta. Basi akavua miwani, akaifuta kwenye sare, akaivaa tena, akaisogelea skrini yake na kusoma mwenyewe, polepole, kwa sauti, na foleni yote nyuma yake inasikia:

"Niliandika mimi, si kwa kukosea. Alikuwa anaumwa na nilitaka apate kipimo. Ni dada yangu na ninampenda. Sikumwuliza."

Akalisoma neno la mwisho mara ya pili, bila sauti, midomo tu. Nilisubiri. 

"Mjinga wewe," Dada akasema.  "Kichwa kilivyokuwa kinaniuma wakati ule? Ungeniuliza, ningekwambia andika."

Niliinua uso. Alikuwa analia, na anacheka, na ananyooshea kidole ile skrini.

"Ningekwambia andika hata ukichaa. Ila ningejua, mdogo wangu. Ningejua."

Akachukua karatasi yake ya namba akaikunja ikatoshea mfuko wa sare. Akaniambia atanipitia saa kumi, nisipande gari jingine, na nisikae kiti cha nyuma yake kwa sababu kina mwenyewe.

Nikafuta macho na kitambaa cha yule mama wa moyo, nikamwita anayefuata.